Kinanda cha kale kikiziba noti moja

Je, una kinanda cha Emulator II, kilichotolewa na kampuni ya E-mu ya California mwaka wa 1984? Basi usimkubalie haraka fundi anayesema kimekufa, eti kwa kuwa noti moja inatoka kana kwamba imefunikwa blanketi.

Kinanda hiki hunasa sauti yoyote, iwe ya ngoma au ya jogoo, ukaicheza kama noti. Kina njia nane za sauti, kila moja na kichujio chake cha kupunguza ukali, yaani chipu ya SSM2045. Bonyeza kibonye kimoja mara nane, polepole. Mara saba zikiwa safi na moja imeziba, mgonjwa ni njia moja tu.

Sehemu ya umeme mwachie fundi aipime kwanza. Kapasita zake hubaki na chaji hata waya ukiwa umeng'olewa ukutani, na hapo hakuna mzaha.

Volti zikiwa sawa, zima, gusa chuma kilichounganishwa na ardhi, kisha hamishia chipu hiyo kwenye njia ya jirani. Ugonjwa ukihama nayo, chipu imeharibika. Ukibaki pale pale, tafuta kapasita iliyokauka au lihamu iliyopasuka. Ombea iwe hivyo! SSM2045 haitengenezwi tena, na walaghai hupiga jina lake juu ya chipu nyingine.

Ukipata ya kweli, fundi ailinganishe na zile saba, la sivyo noti hiyo itang'aa kuliko wenzake.