Liemba yetu ya mbao imehamia Dzaleka

Mgeni akiingia sebuleni kwangu hapa Area 18, jijini Lilongwe, swali lake la kwanza huwa ni kuhusu kile kitako cha mbao kilicho tupu juu ya kabati. Humjibu kwamba hilo ni gati. Akiuliza meli iko wapi, humwambia iko Dzaleka, na hapo ndipo inapobidi tuchemshe chai, kwa sababu hadithi yake ni ndefu.

Mimi ni mwalimu wa shule, Mmalawi niliyezaliwa ugenini. Baba aliukimbia utawala wa Kamuzu Banda miaka ya sabini, akapokelewa Tanzania, na hatimaye akapata kazi ya kufundisha Kigoma. Huko nikaanza darasa la kwanza na huko nikamaliza la saba, yote kwa Kiswahili. Banda aliposhindwa katika uchaguzi wa Mei 1994, tulifunga mizigo tukarudi kwenye nchi ambayo mimi sikuwahi kuiona. Nilikuwa na miaka 14, na Kichewa changu kilikuwa kichekesho darasani.

Katika vitu nilivyoviacha Kigoma, nilichokikumbuka zaidi ni honi ya MV Liemba. Ikilia, watoto wa mtaani tulishuka mbio bandarini kuona nani kafika na nani anaondoka.

Wasomaji wengi wanaifahamu meli hiyo kwa jina, lakini historia yake inastahili kurudiwa. Iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, kisha ikafunguliwa vipande vipande na kufungashwa katika makasha yapatayo 5,000. Makasha hayo yalisafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, halafu kwa reli ya kati hadi Kigoma. Huko iliunganishwa upya, ikashushwa majini Februari 1915 ikiitwa Graf von Götzen, meli ya vita.

Haikudumu vitani. Julai 1916, Wajerumani walipoona Kigoma inawaponyoka, waliizamisha wenyewe, lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo yake grisi nyingi wakitumaini kwamba siku moja wataiibua. Walioiibua ni Waingereza, mwaka 1924. Miaka mitatu baadaye ilianza safari ikiwa na jina jipya la Liemba, ambalo ni jina la zamani la ziwa lenyewe. Tangu hapo ikawa meli ya abiria, dagaa, mahindi na mananasi kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia.

Nilianza kuichonga mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona. Nilichukua picha na michoro niliyoikusanya, nikaamua kipimo cha moja kwa mia. Kipimo hicho ni rahisi kwa mwalimu na kwa mwanafunzi: mita moja ya meli inakuwa sentimita moja ya mbao. Kwa kuwa Liemba ina urefu wa mita 71 hivi na upana wa mita 10, yangu ilipaswa kuwa na urefu wa sentimita 71 na upana wa sentimita 10. Mlango wa mita mbili unakuwa sentimita mbili. Mtu mzima anakuwa na milimita 17 tu.

Kuchora ni jambo moja na kuchonga ni jingine. Mwaka mzima nilikuwa nimeharibu mbao mbili na kujikata kidole. Ndipo nikaenda kwa fundi seremala aliyekuwa na kibanda si mbali na mzunguko wa Area 18, nia yangu ikiwa kuagiza kitanda. Nikamsikia akimkaripia kijana wake kwa Kiswahili cha Kivu. Nilijibu kwa Kiswahili, naye akaacha randa mkononi.

Watu wote humwita Papa, nami nikamwita hivyo, ingawa amenizidi miaka michache tu. Alipoleta kitanda nyumbani aliuona mchoro wangu ukutani. Akausogelea, akautazama kwa muda.

"Hii ni Liemba," akasema. "Lakini Mwalimu, mbona haina mtu?"

Papa alikimbia vita vya Kongo mwaka 1996 akavuka ziwa kwa mtumbwi hadi Kigoma. Mwaka 1997, baada ya Mobutu kuangushwa, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi liliitumia Liemba kuwarudisha makwao maelfu ya Wakongo. Papa alikuwa mmoja wao, akashukia Uvira. Mwaka uliofuata vita vikaanza tena. Safari hii alielekea kusini, na mwisho wa njia yake ukawa Dzaleka.

Basi tukaanza upya, jioni na Jumapili, uani kwangu. Alinifundisha kuacha kuchonga gogo zima. Tulichukua mbao sita za msonobari, kila moja ya unene wa sentimita moja, tukachora umbo la meli juu ya kila moja: ile ya chini nyembamba, za juu zikipanuka. Tukakata matumbo yake kwa msumeno mwembamba, tukazigundisha moja juu ya nyingine, tukaziwekea matofali usiku kucha. Ngazi zilizobaki pembeni tulizilainisha kwa randa, tupa na msasa mpaka mkono ukapita kuanzia omo hadi tezi bila kukwama.

Mara ya kwanza gundi haikushika vizuri, na masika yalipofika mbao zikaachana. Papa hakusema neno. Alizibandua zote, akazianika kivulini wiki mbili, tukarudia.

Bomba la moshi tulilitengeneza kwa kopo la dawa ya mbu. Vyuma vya pembeni mwa sitaha ni nyaya za shaba zilizotolewa katika mota iliyoungua. Mitumbwi ya kuokolea ni vipande vya mbao laini alivyovichonga kwa wembe.

Halafu ukaja mwaka 2023. Serikali ya Malawi iliagiza wakimbizi wote waliokuwa wakiishi na kufanya kazi mijini na vijijini warudi Dzaleka, na kuanzia Mei agizo hilo likatekelezwa. Papa alikuja usiku kuniaga. Alikuwa ameuza mbao zake kwa bei ya kutupa. Alibaki na randa, misumeno miwili na tupa.

Nilimwambia aichukue meli. Alikataa, akisema ni yangu. Nikamwambia mimi mwenyewe sitaweza kuimaliza, na hilo lilikuwa kweli. Tukaifungua sitaha ya juu, bomba na milingoti, tukaviweka katika maboksi matatu ya sabuni.

"Wajerumani makasha elfu tano," akasema, "sisi matatu." Tulicheka, lakini hatukucheka sana.

Dzaleka iko wilayani Dowa, kilomita 40 na ushei kaskazini mwa Lilongwe. Kambi ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu 10,000 hadi 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000. Kabla ya hapo palikuwa gereza la Banda kwa wapinzani wake wa kisiasa. Watu hulifasiri jina lile kuwa "sitarudia tena". Nilipokuwa mdogo Kigoma, wazee waliokuja kwetu walilitaja Dzaleka kwa sauti ya chini. Sasa naenda huko kwa hiari yangu Jumamosi mbili kila mwezi, na ndipo mahali pekee Malawi ninapozungumza Kiswahili kutwa nzima. Mimi nahitaji nauli tu. Papa akitaka kuja Area 18 anahitaji kibali.

Mwaka jana tuliijaribu majini, katika beseni kubwa la kufulia la mkewe. Ililala ubavu papo hapo, na watoto waliojaa mlangoni wakapiga kelele. Hapo nilipata nafasi ya kufundisha. Liemba huandikwa kuwa na tani 1,500 na ushei. Ukipunguza urefu mara mia, upana mara mia na kina mara mia, uzito unapungua mara milioni moja, yaani meli yetu ilipaswa kuwa na kilo moja na nusu. Tukaipima dukani: gramu 900. Tukaomba vipande vya risasi kwa fundi wa magurudumu, tukavipanga gramu 600 chini kabisa ndani ya ngama. Tulipoirudisha majini ilisimama wima, na maji yakafika pale pale tulipochora mstari.

Limebaki jambo moja tunalobishania. Mimi nataka meli safi, kama ilivyo kwenye picha. Papa anataka sitaha ijae: magodoro yaliyokunjwa, masufuria, baiskeli, vifurushi na watu wa milimita 17. Anasema ndivyo alivyoiona mwaka 1997, na ndivyo Warundi walivyoiona mwaka 2015 ilipopelekwa Kagunga kuwachukua maelfu waliokuwa wamekwama ufukweni. Hadi sasa amechonga watu 43. Nilipomuuliza ni yupi kati yao ndiye yeye, alinionyesha mmoja karibu na omo, ameketi juu ya kifurushi.

Nadhani nitashindwa katika ubishi huu, na sijali. Nami nilirudi nyumbani na vifurushi, isipokuwa mimi nilifika na nikabaki. Kitako nimekiacha juu ya kabati. Papa amesema siku atakapopata kibali, ataileta Liemba mwenyewe, mkononi, ndani ya minibasi.