Pudini ya mchele huiva kwa subira na moto mdogo

MCHELE umezoeleka kuwa chakula cha mchana au cha jioni, ukiliwa kwa maharage, nyama au samaki. Hata hivyo, mchele huohuo ukipikwa taratibu ndani ya maziwa hugeuka pudini laini, ambayo hupendeza zaidi ikimiminiwa sosi ya maembe na korosho.

Wapikaji wengi huikosea kwa kuharakisha. Moto mkali huunguza maziwa chini ya sufuria, na harufu ya kuungua haiondoki hata ikiongezwa iliki. Lita nzima ya maziwa hupotea, hasara isiyo ndogo kwa familia.

Ulaini wa pudini hutokana na wanga unaotoka katika punje na kuyafanya maziwa kuwa mazito. Kwa hiyo mchele uoshwe mara moja tu, usisuguliwe.

Kwa watu sita, gramu 150 za mchele huchemshwa katika vikombe viwili vya maji hadi maji yakaribie kukauka. Kisha humiminwa lita moja ya maziwa, iliki na chumvi kidogo, na kupikwa kwa moto mdogo kwa muda wa dakika 35 hadi 40, huku mwiko ukipitishwa chini mara kwa mara. Sukari, vijiko sita vya chakula, hutiwa mwishoni, kwani ikitangulia huchelewesha mchele kulainika. Pudini iepuliwe ingali nyepesi kidogo, maana huzidi kuwa nzito inapopoa.

Kwa upande wa sosi, maembe mawili mabivu hukatwa vipande vidogo na kuchemshwa pamoja na sukari vijiko viwili, maji robo kikombe na maji ya ndimu kijiko kimoja, kwa dakika 8 hivi. Korosho zilizokaangwa na kupondwa hutiwa wakati wa kupakua ili zisilainike.

Pudini iliyobaki isilazwe mezani. Mbegu za bakteria aina ya Bacillus cereus huweza kustahimili kuchemshwa, na mchele ukiachwa kwenye joto bakteria hao huzaliana na kutoa sumu inayosababisha kutapika na kuharisha. Sumu ya kutapisha haiondoki hata chakula kikipashwa moto upya. Inashauriwa kuipoza haraka, kuiweka kwenye jokofu ndani ya saa moja na kuimaliza siku inayofuata.

Aidha, mwenyeji awaulize wageni kwanza: kwa mwenye mzio wa korosho, hata kipande kidogo chaweza kuhatarisha maisha.