Chema Hakijiuzi Kibera Wala Kawangware

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa miaka mingi nimeifundisha methali hiyo darasani, nikaieleza ubaoni na kuwatungisha wanafunzi insha juu yake, bila kujiuliza hata siku moja kama ni kweli. Leo nakusudia kuipinga hadharani, na kabla sijaanza nawataka radhi wazee wetu.

Kisa chenyewe kilianza na kikaratasi. Siku ya kufunga shule mwezi wa Agosti, mwanafunzi mmoja aliniachia mezani kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Kiliandikwa hivi: "Mwalimu, wewe hutukataza mengi. Husema muziki huu haufai, sinema ile haifai, na mavazi yale ni ya wahuni. Basi tuambie yanayofaa." Niliangua kicheko. Lakini nilipokuwa nikirejea nyumbani Kawangware kwa miguu, kicheko kilinikauka mdomoni. Nilitambua kwamba mimi naogopa kupendekeza, na sababu ya woga huo naijua vyema.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mwanafunzi mwenye sauti nzuri, mzaliwa wa Gatina, hapo hapo Kawangware. Siku moja alituimbia darasani wimbo alioutunga mwenyewe. Sauti ilinivutia, lakini niligundua mara moja kwamba nusu ya lahani ilikuwa ya wimbo uliovuma redioni wakati huo, na maneno yalikuwa ya kuokoteza. Hayo yote niliyaona. Kisha nikatazama viatu vyake vilivyotoboka, nikamkumbuka mama yake anayeuza sukumawiki kando ya barabara, nikamwambia mbele ya wenzake: "Wimbo huu hauna kasoro. Nenda ukaurekodi."

Naye akaenda. Mama alikopa pesa katika chama cha akina mama wenzake, studio ikalipwa, nakala zikatolewa. Kijana alizichuuza katika matatu na vituoni kwa miezi mitatu. Siku moja akanijia shuleni wakati wa chakula cha mchana, mfuko wa nakala zilizobaki begani. Hakugomba wala hakulalamika. Aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, siku ile ulinisifu au ulinihurumia?"

Sikuwa na jibu. Mama yake alilipa deni lile kidogo kidogo kwa karibu mwaka mzima, na mwanawe hajaniletea wimbo mwingine hadi leo.

Tangu siku hiyo nimefikia rai kwamba kazi njema za mitaa ya mabanda zina maradhi mawili yanayoziua. La kwanza ni dharau. Mwenye dharau huamini kwamba Kibera haiwezi kuzaa kitu ila njaa na fujo, kwa hiyo hafungui hata macho. La pili ni huruma. Mwenye huruma hupigia makofi kila kitokacho huko, kizuri na kibovu, kwa kuwa tu kimetoka huko. Hawa wawili huonekana kama mahasimu, kumbe ni ndugu wa toka nitoke, maana hakuna hata mmoja wao aliyeitazama kazi yenyewe. Nao mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Kwa sababu hiyo, chema hakijiuzi. Chahitaji shahidi: mtu aliyekiona kwa macho yake, akakilipia kwa pesa zake, na akawa tayari kulaumiwa kikiharibika. Simu zetu siku hizi hutupangia nyimbo na filamu kwa kutazama tulichobonyeza jana, lakini simu haiwezi kuona haya ikikudanganya. Mtu ataona haya. Hiyo ndiyo thamani ya pendekezo la binadamu, na kwa sharti hilo nakijibu kikaratasi.

Nianze na filamu. Kwa mwanafunzi yeyote napendekeza "Soul Boy" ya mwaka 2010, iliyoongozwa na Hawa Essuman na kuandikwa na Billy Kahora. Ilipigwa Kibera kwenyewe. Mvulana aitwaye Abila anaamka na kumkuta baba yake hoi, kana kwamba roho imemtoka, naye anapewa majukumu saba ya kutimiza ili amwokoe. Watoto wanaoigiza humo si mapambo. Ndio wenye hadithi, na hadithi ni ya kale kama hekaya za bibi zetu, ila vichochoro ni vile tunavyovipita kila asubuhi. Kasoro yake ni ufupi. Haizidi sana saa moja, na baadhi ya majukumu hupita upesi kabla moyo haujatulia.

Kwa walimu wa historia na uraia napendekeza "Togetherness Supreme", nayo ya mwaka 2010, iliyoongozwa na Mmarekani Nathan Collett kwa kushirikiana na vijana wa Kibera mbele na nyuma ya kamera. Inasimulia urafiki wa vijana wa makabila tofauti katika siku za uchaguzi wa 2007. Mahali pengine filamu hii inahubiri kupita kiasi, lakini sijaona kitabu cha darasani kinachoeleza vizuri zaidi jinsi jirani anavyogeuka kuwa adui kwa muda wa wiki moja.

Ama "Nairobi Half Life" ya David "Tosh" Gitonga, iliyotoka mwaka 2012, naipendekeza kwa watu wazima na kwa wanafunzi wa madarasa ya juu walio pamoja na mwalimu. Kijana Mwas anatoka mashambani kuja kutafuta uigizaji jijini, akaangukia mikononi mwa wezi. Lugha yake ni chafu na damu si haba. Hata hivyo, anayetaka kujua kwa nini jiji humpa kijana nyuso mbili hatapata maelezo bora. Joseph Wairimu, aliyeigiza Mwas, alituzwa kuwa mwigizaji bora katika tamasha la filamu la Durban mwaka huo huo.

Linganisha hizo na "The Constant Gardener" ya mwaka 2005, iliyotokana na riwaya ya John le Carré. Nayo ilipigwa Kibera kwa sehemu, na ni filamu iliyofumwa kwa ustadi mkubwa. Lakini humo Kibera ni pazia la nyuma ya jukwaa, na wenyeji hupita mbele ya kamera wakielekea pasipotuhusu. Kilichobaki moyoni mwangu baada ya kuitazama ni sauti ya Ayub Ogada katika wimbo "Kothbiro".

Na hapo naingia katika muziki. Ogada, aliyefariki mwaka 2019, aliutoa wimbo huo katika albamu "En Mana Kuoyo" ya mwaka 1993, akipiga nyatiti bila papara. Wanafunzi wangu wengi huisikia nyatiti na kusema ni ala ya wazee. Nawaomba waisikilize usiku, taa ikiwa imezimwa, kisha waniambie.

Katika vijana wa Kibera, namtaja Octopizzo, ambaye amelibeba jina la mtaa wake kupitia nambari 8 ya matatu za huko. Mimi si mpenzi mkubwa wa kufokafoka, na baadhi ya majigambo yake hunichosha. Lakini mwaka 2016 alitoa "Refugeenius", albamu aliyoifanya pamoja na wakimbizi wa Kakuma na Dadaab, na kazi hiyo yatosha kumtoa katika kundi la wanaoimba magari na mikufu. Namtaja pia Stevo Simple Boy, kijana aliyewahi kufanya kazi za mjengo kabla ya kujulikana. Wengi walianza kwa kumcheka. Wachache waliketi kusikiliza "Mihadarati" na kutambua kwamba anawaonya vijana kwa lugha wanayoielewa kuliko mahubiri yetu ya gwarideni. Kwa maoni yangu nyimbo zake hazilingani kwa ubora, na huo wa "Mihadarati" haujapata mpinzani.

Hata hivyo, muziki ulio karibu zaidi nasi hauuzwi popote. Pale Makina, Kibera, Wanubi, ambao mababu zao waliletwa kama askari na kukaa hapo tangu mwanzoni mwa karne ya 20, wangali wanapiga doluka katika harusi zao. Kule Kawangware, ambako wengi tuna asili ya magharibi mwa Kenya, ngoma ya isukuti husikika penye harusi na penye matanga. Ngoma hiyo iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Je, si ajabu kwamba ulimwengu unaiandikia isukuti cheti cha hatari, na mwanafunzi wa Kawangware anafunga dirisha inapopita?

La tatu ni mavazi, nalo ndilo lililonitia aibu kubwa zaidi. Kila siku nateremka Barabara ya Naivasha hadi Dagoretti Corner, nafuata Barabara ya Ngong mpaka Adams Arcade, kisha napita Soko la Toi na kuingia Kibera. Toi imewahi kuteketea kwa moto na ikafufuka. Humo mitumba, yaani marobota ya nguo kuukuu kutoka ng'ambo, hufunguliwa alfajiri, na mimi nimevaa kutoka hapo maisha yangu yote. Siibezi, maana imemsitiri maskini. Lakini siku niliyowahimiza wanafunzi wathamini mafundi wa kwao, msichana mmoja aliniuliza kwa adabu shati nililovaa lilishonwa na nani. Ukosini kulikuwa na jina la duka la Uingereza.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwa fundi cherehani mmoja wa kike, ambaye kibanda chake kiko karibu na kituo cha matatu za nambari 46. Hushona sare za shule, na kati ya sare na sare huchukua jinzi kuukuu na vitenge, akavibuni kuwa majaketi ambayo sijayaona kwingine. Alikuwa amekwisha kuazimia kukirudisha kibanda kwa mwenyewe, kwa kuwa sare ni za Januari na kodi ni ya kila mwezi. Nilimwagiza shati. Nilipolivaa, ukosi ulikaa upande.

Nilisita. Nilimtazama, nikaona kodi, nikaona watoto wake wawili wakifanyia kazi za shule chini ya meza. Ulimi ulitaka kusema kwamba shati halina kasoro. Nikamkumbuka kijana wa Gatina. "Mama," nikamwambia, "kitambaa na mishono nimevipenda, lakini ukosi huu umekwenda kombo." Hakununa. Aliufumua papo hapo, akaupima tena, akaniambia nirudi Jumatano. Shati hilo nalivaa ninapoandika haya. Walimu wenzangu wanne wamekwisha kuagiza yao, na kibanda bado kiko wazi, ingawa siwezi kuapa kwamba kitakuwa wazi mwakani.

Wala asije mtu akadhani kwamba hiyo ni hadithi ya kibanda kimoja. David Avido, mwana wa Kibera mwenye lebo ya Lookslike Avido, alishona barakoa na kuwagawia jirani zake bure wakati wa janga la korona mwaka 2020, na mwaka 2023 Kibera ikafanya wiki yake yenyewe ya mitindo. Kuna mafundi huko wanaochukua mifupa ya ng'ombe kutoka kwa wachinjaji, wakaikata, wakaichemsha na kuisugua hadi ing'ae, wakafanya vipuli na bangili. Mbunifu mashuhuri wa Uingereza, marehemu Vivienne Westwood, alianza zaidi ya miaka kumi iliyopita kuagiza mikoba iliyotengenezwa na mafundi wa Nairobi, na hakuagiza kwa huruma. Aliagiza, akakagua, akauza kwa bei ya juu. Sisi tulio umbali wa nauli moja ya matatu twasubiri nini?

Kwa walimu wenzangu nina ombi. Badala ya kuwatungisha wanafunzi insha ya "Chema chajiuza" kila mwaka, tuwaagize wakahakiki kazi moja ya mtaani mwao: wimbo, filamu, au vazi. Waione, waigharimie kadiri ya uwezo wao, kisha waandike uzuri wake na kasoro yake, kila dai na ushahidi wake. Na tuwafunze kanuni hii ambayo mimi niliisomea kwa karo ya mwenzangu: sifa zipeleke kwa majirani, kasoro mpelekee mwenye kazi, na umpelekee mapema, kabla mama yake hajaenda kukopa.

Nawe uliyeniachia kikaratasi, jibu ndilo hilo. Usilikubali kwa kuwa limetoka kwa mwalimu. Tazama, sikiliza, vaa, na shule zikifunguliwa unijie uniambie nilipokosea. Wahenga hao hao walisema mcheza kwao hutuzwa. Hutuzwa, naam, lakini na watu waliosimama wakamtazama akicheza.