Hita ya nyumba ikiharibika katika nchi za baridi kali

Familia nyingi za parokia zetu hapa Kigoma zina ndugu, marafiki au majirani wa zamani wanaoishi Marekani na Kanada. Maelfu ya Wakongo waliokaa kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, walipelekwa huko kuanza maisha mapya, na baadhi yao sasa wamenunua nyumba kwa mkopo wa benki. Inapofika Desemba au Januari, utasikia mmoja wao amepiga simu kusema hela ya ada aliyoahidi haitakuja, kwani hita ya nyumba imeharibika. Huku nyumbani watu huguna: "Hita tu? Si wajifunike blanketi!" Mwezi huu tuitazame hita hiyo, gharama za kuitengeneza, na kwa nini kuna matengenezo yasiyofaa kuahirishwa hata kwa siku moja.

Tuanze na baridi yenyewe. Friji ya chanjo hospitalini huwekwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, nasi tukiingiza mkono humo tunasema ni baridi. Katika jimbo la Minnesota, usiku wa Januari huweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, yaani baridi kuliko sanduku la kugandishia nyama. Nyumba isiyo na moto kwa baridi hiyo, maji huganda ndani ya mabomba, bomba hupasuka, na barafu ikiyeyuka nyumba hufurika. Mtoto mchanga na mzee hupoteza joto la mwili upesi zaidi ya wengine. Blanketi halitoshi.

Hita tunayoizungumzia siyo ile ndogo ya kuchomeka ukutani. Ni mtambo mkubwa wa chuma, mara nyingi umewekwa katika chumba cha chini ya nyumba, na nyingi huwaka kwa gesi. Moto huwaka ndani ya chemba ya chuma. Feni huvuta hewa ya nyumba, hewa hupita kwenye chujio la vumbi, kisha hupita nje ya chemba ile ya moto, hupata joto, na kusambazwa vyumbani. Moshi hutolewa nje kwa bomba lake. Angalia vizuri hapo: hewa ya kupumua na moshi hupita ubavu kwa ubavu, na kinachovitenganisha ni bati jembamba tu.

Sasa gharama. Fundi kufika tu na kuangalia, huko Marekani ni kama dola 75 hadi 200, na usiku au siku ya mapumziko hutoza zaidi. Kwa hiyo kabla ya kumwita, mwenye nyumba aangalie mambo ambayo hayana gharama. Je, betri za kidude cha ukutani kinachopima joto zimekwisha? Je, swichi ya hita imezimwa na watoto? Hufanana kabisa na swichi ya taa. Je, mlango wa hita umefungwa sawasawa? Ukiachwa wazi, mtambo haukubali kuwaka. Je, theluji imeziba bomba la moshi kule nje? Tena, je, chujio limejaa vumbi? Wengi wamelipa fundi dola 150 ili awaambie kwamba chujio ni chafu.

Hilo chujio nalisisitiza, maana ndilo mama wa matatizo mengi. Chujio jembamba la kawaida huuzwa dola 5 hadi 20, na hubadilishwa kila baada ya mwezi 1 hadi 3. Likiziba, hewa haipiti vya kutosha, chemba hupata joto kupita kiasi, hujizima, huwaka tena, hujizima tena. Chuma kinachopanuka na kusinyaa namna hiyo mwaka baada ya mwaka hatimaye hupata ufa. Ndivyo uchafu wa dola 10 unavyozaa deni la dola 2,000.

Vifaa vidogo havitishi sana. Kuna kifimbo cha chuma kinachohisi kama moto umewaka. Kikishika masizi, hita huwaka kwa sekunde chache na kuzimika. Mara nyingi kukisafisha kunatosha. Kiwashio kikikatika, huwa dola 150 hadi 300 pamoja na kazi ya fundi. Mota ya feni ni ghali zaidi, kuanzia kama dola 400 na kupita 1,000. Na chemba ikiwa na ufa, hesabu ni dola 1,000 hadi 3,500. Hapo mwenye nyumba atafute karatasi za waranti, kwa sababu watengenezaji wengi hudhamini chemba kwa miaka 20 au zaidi, ingawa kazi ya fundi hulipiwa kando. Hita huishi kama miaka 15 hadi 20. Ikiwa imefikia umri huo na matengenezo yanakaribia nusu ya bei ya mpya, ni afadhali kununua mpya, na mpya pamoja na kuifunga huanzia kama dola 3,000 na inaweza kupita 8,000.

Fundi akiona ufa kwenye chemba, hufunga gesi na kubandika kikaratasi chekundu: hita isitumike. Wapo mafundi wasio waaminifu wanaotumia neno "ufa" kuuza hita mpya, kwa hiyo mwenye nyumba ana haki ya kuomba aonyeshwe picha ya ufa wenyewe na kumwita fundi wa pili. Lakini wakati anamsubiri huyo wa pili, hita ibaki imezimwa. Asiiwashe kidogo "kwa ajili ya watoto".

Sababu ni gesi ya kaboni monoksidi. Ni ile ile inayotoka kwenye jiko la mkaa lililoingizwa chumbani, nasi tunaijua. Haina rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo mtu hukosa oksijeni huku akipumua vizuri. Kichwa huuma, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu, kuchanganyikiwa. Ni kama mafua, ila homa hakuna. Watu kadhaa wa nyumba moja huugua pamoja, na wakitoka nje hupata nafuu. Mimba hudhurika hata pale mama anapojiona ana dalili ndogo. Tena kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni hudanganya: huonyesha namba nzuri wakati mgonjwa ana sumu. Dawa ni oksijeni safi, hospitalini.

Marekani peke yake, zaidi ya watu 400 hufa kila mwaka kwa sumu hii bila kuhesabu ajali za moto. Mwezi Februari 2021 umeme ulipokatika Texas kwa baridi, zaidi ya watu 1,400 walitafuta matibabu kwa ajili yake, wengi wakiwa wamejaribu kujipasha joto kwa mkaa, jenereta au gari lililowashwa gereji. Na hapa ndipo watu wetu wana hatari ya pekee, kwa sababu mkono umezoea jiko la mkaa. Nyumba za huko hazina upenyo chini ya paa kama zetu. Zimezibwa kila mahali. Mkaa usiingie ndani, na jiko la gesi la kupikia lisigeuzwe hita.

King'ora cha gesi hii huuzwa kama dola 20 hadi 40. Sheria ya Minnesota inataka kiwekwe umbali usiozidi kama mita 3 kutoka kila chumba cha kulala.

Kwa mwenye nyumba asiye na uwezo, Marekani kuna mpango wa serikali uitwao LIHEAP, ulioanzishwa mwaka 1981, na huko Minnesota huweza kulipia hata matengenezo ya hita kwa wenye kipato kidogo. Aombe mapema. Aliyepanga halipii hita: tangu mwaka 2024 sheria ya Minnesota inamtaka mwenye nyumba ahakikishe nyuzi 20 za joto ndani kuanzia Oktoba hadi Aprili.

Nasi huku, simu ikija, tuulize mambo mawili kabla ya ada: je, fundi amefika, na je, king'ora kipo? Wakisema nyumba nzima inaumwa kichwa na hakuna mwenye homa, waambieni watoke nje wote, hata kama ni kwenye theluji, kisha wapige 911.