Weusi Unaozaliwa Ndani ya Ngozi

Msomaji anayetunza farasi karibu na uwanja wa mbio wa Ngong, Nairobi, anauliza afanye nini. Mikanda ya vikuku vya tandiko lake jeusi imepauka ikawa kama majivu, na kila rangi ya viatu anayoipaka inahamia kwenye suruali nyeupe ya mpandaji.

Mambo ya jasho na jua nayaruka. Mwenye farasi anayajua kuliko mimi. Ninayotaka ayajue ni maji ya chuma, dawa ya mafundi wa matandiko tangu zamani. Waya laini wa chuma wa kusugulia sufuria, ule unaoshika kutu, unaoshwa mafuta yake na kulowekwa kwenye siki kwa siku kadhaa, kifuniko kikiwa kimelegezwa ili haidrojeni itoke. Ukishachuja, unapata maji ya kijani hafifu, yananuka siki, wala hayana dalili ya weusi.

Yapake kwenye mkanda uliokwisha kuondolewa mafuta na uangalie. Kijivu kinaanzia kwenye mikwaruzo, ambako ngozi inakunywa haraka, kinaenea, kinakolea, na baada ya dakika chache mkanda wote ni mweusi. Hakuna rangi nyeusi iliyopakwa. Imejitengeneza humo humo, na ndiyo maana haihamii kwenye suruali ya mtu.

Kazi hiyo inafanywa na tanini. Ngozi nzuri za matandiko hutengenezwa kwa maganda ya miti, yakiwemo ya miwati, mti wa Australia unaopandwa Njombe na nyanda za juu za Kenya. Enzi za Wajerumani, maganda ya mikoko ya Rufiji nayo yalipelekwa Ulaya kwa kazi hiyo. Tanini ya maganda hayo bado imo ndani ya mkanda, hata rangi ya juu ikiisha.

Molekuli ya tanini imejaa jozi za oksijeni zilizokaa bega kwa bega, na kila jozi ni gando la kaa lililofunguka. Chuma kilichoyeyuka kwenye siki kinapita katikati ya magando hayo bila kubanwa sana, na rangi haionekani. Lakini hewa inapokifikia, inakinyang'anya elektroni moja, na hapo gando linakibana kwelikweli. Chembe moja ya chuma inaweza kubanwa na magando matatu, na kwa kuwa kila tanini ina magando mengi, kaa mmoja anashikana na mwenzake, na mwenzake na mwingine, mpaka panakuwa na wavu usioyeyuka tena majini. Muungano huu nauita mbano. Ndani ya mbano elektroni huruka kutoka kwenye gando kwenda kwenye chuma, na kila mruko unameza mwanga. Mwanga ukimezwa karibu wote, jicho linaona nyeusi. Wino wa hati nyingi za kale za Ulaya ulikuwa mbano huu huu, na doa jeusi linalotokea chini ya bizimu ya chuma iliyolowa jasho ni huo huo pia.

Halafu suuza mkanda kwa maji yenye magadi kidogo. Asidi inapungua, na magando yaliyokuwa yamezibwa na haidrojeni yanafunguka na kushika chuma zaidi. Ukikauka, upake mafuta ya miguu ya ng'ombe. Asidi na chuma vikizidi hudhoofisha ngozi miaka ikienda, kwa hiyo mkanda uliopasuka usiuguse. Huo ni wa kubadilishwa.

Kabla ya yote, dondosha tone moja la maji ya chuma kwenye sehemu ya mkanda isiyoonekana, chini ya ubavu wa tandiko. Lisipogeuka jeusi, huenda ngozi hiyo imetengenezwa kwa kromu, haina tanini, na itahitaji rangi ya dukani.