Engaruka: Siku Moja Katika Mashamba ya Mawe

Aghalabu magofu yanapotajwa, sisi wanafunzi wa Kiswahili huwaza Gede au Kilwa. Makala haya yanamwelekeza msomaji bara, hadi Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa kaskazini mwa Tanzania, mahali panapotembeleka kwa siku moja kutoka Mto wa Mbu. Huko hakuna mihrabu wala kuba, bali mawe yaliyopangwa bila chokaa. Jua lake ni kali. Ni heri kufika mapema.

Wageni wengi huanzia mlimani, kwenye vijiji saba ambavyo nyumba zake zilijengwa juu ya majukwaa yaliyozuiwa kwa kuta za mawe. Louis Leakey, aliyefika mwaka 1935, alikadiria kwamba wakazi walikuwa makumi ya maelfu, na sifa ya "mji uliopotea" ikaenea. Kwa maoni yangu, sifa hiyo imepotosha. Engaruka lilikuwa shamba kabla ya kuwa kitu kingine, na anayetaka kulielewa na aanzie mtoni.

Maji yaliyoteremka kutoka nyanda za juu yalikingwa, yakaongozwa kwa mifereji hadi kwenye vitalu vilivyosawazishwa ngazi kwa ngazi, katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 20. Mfereji ulihitaji mwinamo mdogo mno: ukizidi, maji humomonyoa udongo, ukipungua, hutuama. Ajabu zaidi, udongo wa baadhi ya vitalu uliletwa na maji yenyewe, kuta zikinasa tope mpaka shamba likajaa. Humo mtama ulilimwa. Malundo ya mawe ambayo mgeni huyadhania makaburi, mengi ni mawe yaliyoondolewa ili jembe lipite.

Mashamba hayo yalistawi takriban kati ya karne ya 15 na ya 18, kisha yakahamwa. Wapo wanaotaja kupungua kwa maji, wapo wanaotaja kuchoka kwa ardhi. Lakini walizungumza lugha gani? Hawakuacha maandishi. Wengine huwahusisha na Wasonjo, ambao ni Wabantu na hadi leo humwagilia kwa mifereji; wengine na Wairaqw, ambao ni Wakushi. Tunajua walivyougawa mto, ila hatujui neno lao hata moja la kuuita mfereji.

Jioni, msafiri ashukapo Engaruka Juu, atayaona maji ya mto uleule yakinywesha mahindi na migomba ya wanakijiji wa leo.