Mashine ya Presha na Vumbi la Dodoma: Kweli au Uongo?

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, nyumba zimechipua Iyumbu, Ilazo na Nzuguni kama uwele baada ya mvua ya Januari. Nyingi zina fensi, geti na uwanja wa pevingi, na ifikapo Julai upepo huzipaka zote vumbi rangi moja. Hapo ndipo watu hukumbuka kununua mashine ya kuoshea kwa presha ya maji, na majirani hugeuka wataalamu.

“Yenye presha kubwa ndiyo bora.”
Uongo. Namba ya bar au PSI (bar moja ni kama PSI 14.5) huandikwa kubwa kwenye boksi, lita kwa dakika utazitafuta kwa miwani. Presha hubandua uchafu, lakini maji ndiyo yanayouondoa. Mashine ndogo ya umeme ya bar 110 na lita 7 kwa dakika inatosha gari, kibaraza na nyavu za madirisha. Kwa uwanja mpana, tafuta lita 10 au zaidi kabla ya kuongeza bar. Presha ikizidi hufukua mchanga ulio kati ya vitofali, navyo huanza kucheza chini ya matairi. Ukuta wa chokaa ndio usiusogelee kabisa.

“Inamaliza maji.”
Uongo, na hapa naomba tutulie kidogo, maana mji huu maji ndiyo kila kitu. Maji ya DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, kwa miaka mingi yametegemea visima vya Mzakwe, kwenye bonde la Makutupora, na mgao tunaujua. Sasa piga hesabu. Mpira wa kawaida ukiachwa wazi unaweza kumwaga lita 15 na zaidi kwa dakika; mashine ndogo hutumia 7. Tenki la lita 1,000 litaiendesha zaidi ya saa mbili mfululizo. Anayemaliza maji ni yule anayelowesha vumbi kavu likawa tope, kisha akaanza kulikimbiza tope uwanja mzima. Fagia kwanza. Fagio la chelewa ndicho kifaa cha kwanza cha kazi hii, na dukani hawatakuambia.

“Bila bomba lenye presha haifanyi kazi.”
Inategemea. Zipo zinazovuta maji zenyewe kutoka kwenye ndoo au tenki, na zipo zisizoweza. Muuzaji akikuapia, mwombe ndoo akuonyeshe palepale. Tenki lililo juu ya mnara wa mita 3 hutoa kama bar 0.3 tu, kwa hiyo mpira wa kuingiza maji uwe mfupi na mnene. Pampu ikivuta hewa hutetemeka na kulika ndani. Usisahau chujio: chini ya matenki yetu hulala mchanga wa kutosha kuua pampu.

“Ya petroli ni ya mafundi tu.”
Karibu kweli. Soketi ya amp 13 kwa volti 230 haivuki wati 3,000 hivi, na kwa nyumba moja zinatosha. Fundi anayezunguka mitaani hawezi kungoja umeme urudi. Ila moshi wa mashine ya petroli unaua, usiiwashe ndani ya gereji.

“Ule weupe ukutani utatoka kwa presha.”
Uongo. Ni chumvi iliyopanda na unyevu. Ukiupiga maji unauongezea safari. Sugua kwa brashi kavu.

“Rangi za nozeli ni mapambo.”
Uongo mkubwa. Kwa kawaida nyeupe hutawanya maji kwa nyuzi 40, kijani 25, njano 15, na nyeusi ni ya sabuni. Nyekundu ni nyuzi 0: mshale wa maji unaotoboa ngozi, na kidonda chake hata kikiwa kama tundu la sindano ni cha kukimbiza hospitali. Yangu niliijaribu mara moja tu, kibarazani. Mstari wake bado upo, na wageni huniuliza kama nyumba imepata ufa.